Kipando cha Mwenye Ulemavu: Kutoka Diwani ya Umar (r.a.) Hadi Barua ya Maisaka

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika mwaka wa 9 Hijria (630), Mtume (s.a.w.) alipotangaza safari ya Tabuk, joto lilikuwa kali na njia ilikuwa ndefu. Asiyekuwa na mnyama wa kupanda hakuweza kwenda. Wakamjia watu saba wasiokuwa na kitu, wakamwomba awapatie vipando. Mtume (s.a.w.) akawajibu kuwa hana cha kuwapandisha. Wakarudi makwao huku macho yao yakibubujika machozi kwa huzuni. Watu hao wanajulikana katika vitabu vya Sira kwa jina la Al-Bakkaun, yaani wenye kulia sana, na habari yao imehifadhiwa katika Suratut-Tawba, aya ya 92.

Ibn Is-haq ameeleza kuwa wawili kati yao, Abu Layla na Abdullah bin Mughaffal, walikutwa njiani na Yamin bin Umayr wakiwa wanalia. Akawauliza kinachowaliza. Walipomweleza, akawapa ngamia wake wa kuchotea maji wampande, na tende za kula safarini.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Qur'an haikuwalaumu watu hao kwa kuomba kipando. Aya ya 91 imewatanguliza wanyonge na wagonjwa, kisha aya ya 92 ikawaunganisha hawa katika wale wasiokuwa na lawama. Ya pili ni kwamba yule aliyewakuta njiani hakupita. Aliuliza. Sisi wa Maisaka tulikaa miaka bila ya kumuuliza jirani yetu swali hilo, na makala haya yametokana na kosa letu hilo.

JIRANI YETU WA MLANGONI

Maisaka ni kata ya mji wa Babati. Mji huu ulikuwa makao ya wilaya ndani ya Mkoa wa Arusha hadi mwaka 2002, ulipoundwa Mkoa wa Manyara na Babati ikawa makao makuu yake. Tangu hapo mji umepanuka, ofisi zimeongezeka, na mwaka 2018 barabara ya lami ya kwenda Dodoma kupitia Kondoa ilizinduliwa. Lakini anayeiacha lami na kuingia mitaani anaijua hali yetu: kiangazi ni vumbi, na masika ni tope linaloshika gurudumu. Kwa mwenye miguu mizima hilo ni usumbufu. Kwa asiyekuwa nayo ni kufungiwa nyumbani.

Tunaye ndugu yetu mmoja, fundi viatu, ambaye miguu yake ilipooza tangu utotoni. Zamani alipewa baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Alikuja nayo msikitini, alikwenda nayo sokoni kufanya kazi yake, na alilisha familia yake. Kisha ringi ya gurudumu moja ikavunjika, na tairi la kipimo kile halikupatikana madukani. Baiskeli ikaegeshwa ukutani, ikawa chanja ya kuanikia vyombo. Yeye akaanza kuja Ijumaa kwa kujikokota, kandambili amezivaa mikononi.

Tulifanya nini? Tulimpa mia mbili, tukampa mia tano. Ramadhani tulimpelekea futari. Tulisoma khutba juu ya fadhila za sadaka huku yeye amekaa mlangoni, na tukajiona tumetekeleza wajibu wetu. Ijumaa moja tukampa noti ya shilingi elfu moja. Akaipokea, akashukuru, kisha akasema: "Shehe, Allah akulipe. Lakini mimi ni fundi, sikuja hapa kwa ajili ya elfu moja. Mimi nataka mtu wa kuniandikia."

Kalamu tulikuwa nayo mfukoni.

Tulipokaa naye akatueleza. Aliwahi kuambiwa kuwa vifaa hupatikana kwa maombi ya maandishi. Ombi linataka barua ya mwenyekiti wa mtaa, maelezo ya afisa ustawi wa jamii, taarifa ya daktari, vipimo vya mwili, picha na profoma ya dukani. Kila karatasi iko katika ofisi yake, na kila ofisi iko mbali na mwenzake. Ili aombe kipando, alihitaji kwanza kipando. Akakata tamaa, na sisi tuliosoma tukaendelea kumpa sarafu.

KUOMBA KUPI KUNAKOKATAZWA?

Huenda msomaji akasema: je, Uislamu haukukataza kuombaomba? Ni kweli umekataza, na Hadithi juu ya hilo ni nyingi. Lakini ni lazima tutofautishe kati ya mambo mawili ambayo watu wetu wameyachanganya, na masheikh tumechangia katika kuyachanganya.

Imam Muslim amepokea Hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, aliyemjia Mtume (s.a.w.) kuomba msaada kwa ajili ya dhamana ya deni aliyokuwa amejitwika ili kupatanisha watu. Mtume (s.a.w.) hakumfukuza. Alimwambia angoje mpaka ije sadaka, kisha akamfundisha kuwa kuomba kunahalalika kwa watu watatu: aliyebeba dhamana, aliyepatwa na msiba ulioangamiza mali yake, na aliyepatwa na ufukara mpaka watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakasimama na kushuhudia kuwa kweli amepatwa na dhiki.

Tuitazame Hadithi hii kwa makini. Ndani yake mna muombaji mwenye haja inayojulikana, mna mashahidi watatu wanaomfahamu, mna mwenye dhamana ya mali ya Umma, na mna muda wa kungoja mali ipatikane. Je, huu si utaratibu wa ombi la msaada kama tunavyoujua leo? Barua ya mtaa ni ushahidi. Taarifa ya daktari ni ushahidi. Barua ya msikiti ni ushahidi. Kinachokatazwa ni mtu kuifanya kuomba kuwa kazi na kujilimbikizia mali. Ama mwenye haja ya kweli, anayeipeleka haja yake kwa mwenye dhamana pamoja na mashahidi, huyo amefuata mlango uliofunguliwa na Sharia.

Tena Suratul-Baqara, aya ya 273, imetaja mafukara ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao, nao hawawang'ang'anii watu kwa kuomba. Tunalojifunza hapa ni kuwa jukumu la kuwatambua watu hawa liko juu yetu. Wao wananyamaza kwa heshima yao, na jirani ndiye anayetakiwa kusema.

DIWANI: HAJA INAPOANDIKWA

Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.) aliposimamisha Diwani, katika mwaka wa 20 Hijria kwa kauli ya wanahistoria wengi, aliwateua Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im kuandika majina ya watu na viwango vyao vya posho. Watatu hawa walichaguliwa kwa sababu walizijua nasaba za watu. Kwa maneno mengine, kazi ya kuandika walipewa wale wanaowajua wanaoandikwa.

Ibn Saad amesimulia kuwa Umar (r.a.) mwanzoni hakuwapangia posho watoto wanaonyonya. Usiku mmoja akamsikia mtoto akilia mfululizo. Alipomuuliza mama yake, akaambiwa kuwa anaachishwa ziwa mapema kwa sababu Umar hampangii mtoto mpaka aache kunyonya. Khalifa akahuzunika sana, akatangaza kuwa kila mtoto wa Kiislamu atapangiwa tangu kuzaliwa. Hapa pana funzo kwa kila anayetunga masharti ya misaada. Sharti moja baya linaweza kumuumiza yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa, na kiongozi mwema hulibadilisha bila ya kuona haya.

Abu Yusuf, katika Kitabul-Kharaj, ameeleza pia kisa cha Umar (r.a.) kumkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba mlangoni. Alimpeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza Baitul-Mal amtazame yeye na wenzake walio katika hali kama yake. Umar (r.a.) hakuishia kwenye sadaka ya mkono wake. Alilitoa jambo mlangoni akalitia katika daftari.

Makhalifa wa Bani Umayya walilifikisha jambo hili kwa wenye ulemavu wenyewe. At-Tabari ametaja kuwa Al-Walid bin Abdil-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 86 hadi 96 Hijria (705 hadi 715), aliwapangia posho wenye ukoma na kuwazuia wasiwaombe watu, akampa kila aliyepooza mtumishi, na kila kipofu kiongozi wa kumshika mkono. Naye Umar bin Abdil-Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria (717 hadi 720), aliandikia miji ya Sham apelekewe habari za kila kipofu, kila aliyepooza na kila mwenye maradhi ya kudumu yanayomzuia kusimama katika Swala. Habari zilipofika, akaamuru kila kipofu apewe kiongozi, na kila wawili wenye maradhi ya kudumu wapewe mtumishi.

Tuangalie alivyoanza Umar bin Abdil-Aziz. Alianza kwa kuomba orodha. Kiongozi na mtumishi wa zama zile ndio fimbo nyeupe, kiti mwendo na bajaji ya zama hizi. Lakini kabla ya chochote kutolewa, majina yaliandikwa na kupelekwa juu. Pasipo na orodha, mtawala mwema na mfadhili mwema wote wawili hawaoni kitu.

KILWA NA DAMASCUS

Msafiri Ibn Battuta ametuachia visa viwili ambavyo tukivipanga pamoja vinatufundisha jambo kubwa.

Mwaka 1331 alifika Kilwa, katika pwani yetu hii, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abul-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa wingi wa kutoa kwake. Ibn Battuta alikuwa naye siku ya Ijumaa, wakitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alipomsimamisha Sultani njiani na kumwomba nguo alizozivaa. Sultani akarudi, akazivua, akampa. Watu walipousifu unyenyekevu huo, mwanawe akazichukua nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi badala yake, na Sultani akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Huo ulikuwa ukarimu wa ajabu kwa vipimo vya zama zile. Lakini Ibn Battuta anaendelea: Sultani huyo alipokufa akatawala ndugu yake Daud, naye alikuwa kinyume chake. Mwenye haja alipomjia, alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutolewa.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1326, Ibn Battuta alikuwa Damascus. Huko alikuta wakfu za aina nyingi: za kuwapeleka Hijja wasiojiweza, za kuwatayarishia harusi mabinti wa mafukara, za kukomboa mateka, za wasafiri na za kutengeneza njia. Akamwona kijana mtumwa aliyeangusha sahani ya Kichina ikavunjika. Watu wakakusanyika, na mmoja akamwambia akusanye vipande avipeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Kijana akavikusanya, akavionyesha, akapewa fedha ya kununua sahani nyingine.

Ndugu msomaji, linganisha. Fakiri wa Kilwa alipata kwa sababu alikutana na mtu mkarimu njiani, na mkarimu alipokufa, mlango ulifungwa. Kijana wa Damascus hakuhitaji kumjua mkarimu yeyote. Alihitaji vipande vya sahani kama ushahidi, na mtu mmoja wa kumwonyesha ofisi ilipo. Aliyeweka wakfu ule pengine alikwisha kufa siku nyingi, lakini sadaka yake ilikuwa hai.

Sisi tulikuwa tukimfanyia fundi wetu wa viatu kama ilivyokuwa Kilwa. Tulipokuwepo alipata, na tuliposafiri alikosa. Hatukuwa hata yule mpita njia wa Damascus anayesema: kusanya vipande vyako, twende kwa msimamizi.

HUKUMU ZA KIFAA NA KIPANDO

Je, kifaa cha mwenye ulemavu kina nafasi gani katika fiqhi? Tutaje mambo manne kwa ufupi.

Kwanza, kifaa ni haja, si anasa. Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliyya. Akatengeneza pua ya fedha, ikamtolea harufu. Mtume (s.a.w.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu, kama walivyopokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume kujipamba nayo, lakini hapa ilihalalika kwa sababu ya haja ya kiungo. Ikiwa haja imehalalisha dhahabu, vipi tuone kuwa kiti mwendo au mguu bandia ni ghali mno kwa fakiri?

Pili, Zaka inaweza kununua kifaa. Imam An-Nawawi, katika Al-Majmu', ameeleza msimamo wa wanazuoni wa madhehebu ya Shafii kuwa fakiri mwenye ufundi hupewa kinachomwezesha kununua zana za kazi yake, iwe thamani yake ni ndogo au kubwa, kwa kiwango cha kumtosheleza. Fundi viatu asiyeweza kufika kazini, zana yake ya kwanza ni kipando. Na kwa kuwa Zaka ni kumilikisha, kifaa kikinunuliwa kwa Zaka kinakuwa mali yake. Msikiti haubaki nacho, wala mwenye kutoa hakidai.

Tatu, kifaa kinaweza kuwa wakfu. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Khalid bin Al-Walid (r.a.) alizifunga deraya na zana zake katika njia ya Allah, na kwa hiyo wanazuoni wakasema inajuzu kuweka wakfu kitu kinachohamishika chenye manufaa ya kudumu. Msikiti unaweza kuwa na viti mwendo viwili na jozi za magongo, vikaazimwa kwa aliyevunjika mguu na kwa mzee anayepelekwa hospitali, kisha vikarudi. Zaka ina watu wake maalumu, lakini sadaka na wakfu vinaweza kumfikia jirani yeyote. Katika mji kama Babati, ambamo Waislamu na Wakristo tunakaa mtaa mmoja, kisa cha Umar (r.a.) na mzee wa Kiyahudi kinatutosha kuwa dalili.

Nne, kipando kinataka matunzo. Umar (r.a.) alimpa mtu farasi katika njia ya Allah, na yule mtu akashindwa kumtunza mpaka akadhoofu. Umar (r.a.) akataka kumnunua kwa bei rahisi, na Mtume (s.a.w.) akamkataza kurudia sadaka yake. Hadithi hii wanazuoni wameitumia zaidi kueleza ubaya wa kurudia sadaka. Lakini ndani yake mna onyo jingine: kipando bora kilitolewa, na kikaharibika kwa kukosa matunzo. Baiskeli ya ndugu yetu wa Maisaka ilikufa kwa ringi na tairi. Anayeomba au kutoa kipando bila ya kufikiria tairi, bomba na fundi, ameomba au ametoa kitu cha mwaka mmoja.

MILANGO ILIYOPO LEO

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika ripoti yao ya mwaka 2022, wamesema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na karibu bilioni moja hawakipati. Jambo hili basi haliishii kwa mtu mmoja wa mlangoni petu.

Kwa upande wa sheria, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria hiyo imetaja Mfuko wa Taifa wa Watu wenye Ulemavu, na kamati za watu wenye ulemavu zinazoshuka hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria yao mwaka 2003 na kuanzisha Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, ambalo limekuwa likipokea maombi ya vifaa kupitia mfuko wake.

Halmashauri zetu nazo, kwa sheria ya mwaka 2018, zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Hapa tunatoa tahadhari ya kifiqhi. Mkopo usio na riba ni halali, lakini ni deni, na deni ni jambo zito. Bajaji ya kubebea abiria inaingiza kipato, hivyo inaweza kujilipa. Kiti mwendo cha kwendea msikitini hakiingizi kitu. Kumwelekeza fakiri akakope kwa ajili ya kiti mwendo ni kumwongezea mzigo. Kwa haja kama hiyo itafutwe ruzuku, Zaka au wakfu.

Kwa anayeagiza kutoka nje, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imetaja katika misamaha yake vifaa vilivyotengenezwa maalumu kwa ajili ya watu wenye ulemavu, pamoja na gari moja. Basi ombi la msamaha litangulie kabla ya mzigo kufika bandarini. Na kwa upande wa utaalamu, chuo cha TATCOT kilichoko KCMC mjini Moshi kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981. Moshi iko zaidi ya kilomita 200 kutoka kwetu, lakini kiti kisichopimwa mwili wa mtu huweza kumtia vidonda, na safari moja ya vipimo ni bora kuliko kiti kinachoumiza.

WAJIBU WA IMAMU MWENYE KALAMU

Tunapendekeza kwa maimamu na wanafunzi wenzetu mambo haya, nasi tumeyaanza hapa Maisaka:

(1) Kila msikiti uwe na daftari la wenye ulemavu wa mtaa wake, wanaoswali na wasioswali, wanaume, wanawake na watoto. Liandikwe kwa idhini yao na lihifadhiwe kama amana.

(2) Barua ya ombi iseme jambo moja kwa uwazi: nani anaomba, ana ulemavu gani, anaomba kifaa gani na cha kipimo gani, kinauzwa kiasi gani kwa mujibu wa profoma, atakitumia kwa kazi gani, na nani atalipia matengenezo. Iambatanishwe na taarifa ya daktari na ushahidi wa watu watatu wanaomjua, kama ilivyo katika Hadithi ya Qabisa. Nakala ibaki.

(3) Aliyeandika ndiye apeleke, au amtume kijana mwenye pikipiki. Tusimwachie mwenye ulemavu kazi ya kuzunguka ofisini.

(4) Uongo katika ombi ni haramu hata kama nia ni njema. Kuongeza idadi au kukuza ugonjwa ni ushahidi wa uongo, na kunawanyima wa kweli. Vilevile anayejifanya dalali na kumtoza mwenye ulemavu fungu katika msaada wake anakula mali kwa batili.

(5) Masharti ya mtoaji yafuatwe. Bajaji iliyotolewa kwa mtu fulani haigeuki kuwa ya mjomba wake.

(6) Tuhifadhi heshima ya anayepewa. Suratul-Baqara, aya ya 264, imetuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Kumpanga mtu mbele ya kamera na kumtaka ashukuru mara tatu kuko karibu na onyo hilo kuliko tunavyodhani.

HITIMISHO

Ombi la ndugu yetu tuliliandika. Mara ya kwanza lilirudishwa kwa kukosa vipimo. Tukampeleka akapimwa, tukaliandika upya, likapokelewa. Hadi tunaandika makala haya jibu halijaja, nasi hatujui litakuwaje. Wakati tunangoja, waumini walichanga, ringi ya baiskeli ya zamani ikachomelewa na tairi likaagizwa kutoka Arusha, naye amerudi kazini kwake sokoni.

Tulipotengeneza daftari tulidhani tutaandika majina matatu au manne. Tumeshaandika kumi na saba, na mitaa mingine hatujaifikia. Miongoni mwao yumo binti anayebebwa mgongoni na mama yake kwenda shule, na mama huyo ameanza kuumwa mgongo. Hawa wote walikuwa hapa tulipokuwa tukisoma khutba zetu.

Mtume (s.a.w.) alipowaambia wale saba kuwa hana cha kuwapandisha, alisema kweli, kwani hakuwa nacho. Sisi hatuna udhuru huo kabla ya kuandika, kupeleka na kufuatilia. Ijumaa iliyopita tulimkabidhi fundi wetu nakala ya barua yake yenye muhuri wa kupokelewa. Akatuuliza: "Na yule binti, yake mmeandika?"

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa katika wanaouliza, wanaoandika na wanaoshuhudia kwa haki, na awape wenye ulemavu wetu wepesi katika dunia yao na Akhera yao. Amin.

Wallahu a'lam.